Si Inawaka?

Nimefunga taa tano maishani mwangu. Mbili kwangu, moja juu ya meza ya kusomea na nyingine kibarazani. Moja chumbani kwa rafiki niliyesoma naye shahada ya kwanza. Moja kwenye saluni ya jirani. Na moja jikoni kwa shangazi yangu, Morogoro. Zote tano ziliwaka siku ileile nilipozifunga. Hicho ndicho kilikuwa cheti changu cha ufundi: iliwaka. Na makala hii, toka mwanzo hadi mwisho, ni ugomvi wangu na cheti hicho.

Mimi si fundi umeme. Ninasoma shahada ya uzamili katika isimu ya Kiswahili, kazi ambayo kifaa chake cha hatari kuliko vyote ni kalamu nyekundu ya msimamizi. Umeme niliujifunza kama wengi wetu tunavyojifunza kila kitu siku hizi: kwenye simu, kwa bando la usiku, kichwa kikiwa juu ya mto.

Ilianza hivi. Nilihamia chumba cha kupanga Changanyikeni, Dar es Salaam, nyumba ya wapangaji sita, bomba moja, LUKU moja. Kibaraza changu hakikuwa na taa. Nikirudi usiku nilikuwa natafuta tundu la kufuli kwa vidole. Nikamweleza baba mwenye nyumba. Akanijibu kwa upole kabisa, "Hilo ni lako, kijana wangu. Mimi nimekupa chumba chenye taa." Fundi niliyemuuliza akataja shilingi 35,000, kazi na vifaa. Nikacheka kimoyomoyo. Elfu thelathini na tano kwa taa moja? Mimi mwenye digrii?

Nikaingia mtandaoni. Nikapata video ya dakika 12. Bwana mmoja wa Marekani, mkanda wa vifaa kiunoni, sauti tulivu, anaeleza kama mwalimu wa chekechea. Zima umeme kwenye swichi kuu. Waya mweusi ndio wenye moto, upitishe kwenye swichi, kisha uende katikati ya holda. Waya mwingine ndio wa kurudishia umeme, huo uufunge kwenye ile sehemu yenye mizunguko ya kukazia balbu. Nikanunua holda, swichi, tepu nyeusi na mita chache za waya mwembamba. Nikazima swichi kuu kama alivyosema. Nikafungua soketi iliyo karibu na mlango, nikakuta waya mwekundu, mweusi na wa kijani. Mweusi nikaupitisha kwenye swichi. Mwekundu nikaupeleka moja kwa moja kwenye mizunguko ya holda. Nikasokota, nikafunga tepu, nikarudisha kifuniko.

Nikawasha. Taa ikawaka.

Nikapiga picha, nikaweka status: "Fundi ni wewe mwenyewe." Nilipata mioyo mingi kuliko niliyoipata siku ya mahafali.

Sasa sikiliza nilichokuwa nimekifanya. Bwana yule hakudanganya. Marekani waya mweusi ndio wenye moto na mweupe ndio wa kurudi. Lakini nyumba zetu nyingi za zamani zilifuata utaratibu wa Kiingereza, na katika utaratibu ule wa zamani mwekundu ndio wenye moto, mweusi ndio wa kurudi, ambao mafundi huuita nyutro, na kijani ni wa ardhi. Waingereza wenyewe waliuacha mwanzoni mwa karne hii. Tangu 2006 nyumba zao mpya hufungwa kahawia kwa moto na buluu kwa nyutro, rangi ambazo hata kwetu utazikuta kwenye nyumba na vifaa vipya. Kwa hiyo rangi moja ya waya, nyeusi, katika nchi moja ni mauti na katika nyumba yangu ni njia ya kurudi. Mimi nilichukua somo la nchi moja nikaliandika kwenye ukuta wa nchi nyingine. Mwanafunzi wa isimu! Mtu ambaye darasani anafundishwa kila siku kwamba alama haina maana nje ya mfumo wake.

Na taa ikawaka, kwa sababu taa haijali. Balbu haiulizi moto umetokea upande gani. Ukiikatia njia ya kuja itazimika, ukiikatia njia ya kurudi itazimika vilevile. Kwa macho, swichi yangu ilikuwa nzima: bonyeza, inawaka, bonyeza, inazimika. Ila nilipokuwa nikiizima nilikuwa nikifunga mlango wa kutokea, nikiuacha wazi mlango wa kuingilia. Moto ulibaki palepale kwenye holda, usiku na mchana, juu ya ile mizunguko ambayo vidole hugusa mtu anapobadilisha balbu. Miezi minane nilipita chini yake nikiimba.

Aliyekuja kuugundua ni mdogo wangu.

Alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne, akaja kwangu kupumzika. Ilikuwa Desemba, mvua za vuli bado zinadondoka. Balbu ya kibarazani ikafa. Nilikuwa ndani nasahihisha sura ya pili ya tasnifu. Nikamsikia akimwomba jirani ngazi, ya chuma. Nikamsikia akibonyeza swichi kuizima. Nikasema moyoni, huyu dogo ana akili. Akapanda pekupeku, sakafu imelowa, mkono mmoja kaushika kwenye nondo za dirisha, mwingine anazungusha balbu.

Nilisikia ngazi kwanza. Halafu nikasikia kitu kizito, halafu kimya.

Nilipotoka alikuwa chini, macho wazi, mkono wa kulia umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Baadaye tuliambiwa mfupa wa kifundo umevunjika na kwamba kuanguka ndiko kulikomwokoa: uzito wake ulimnyofoa kwenye holda. Angekuwa amesimama imara, asingeachia. Umeme wetu hubadili mwelekeo mara mia moja kila sekunde, na misuli ya mkono inapopata ule mtetemo hujikaza yenyewe. Mtu hashiki, anashikwa.

Usiku ule hospitalini, akisubiri kufungwa plasta, alirudia sentensi moja tu. "Kaka, nilizima swichi. Naapa nilizima." Kana kwamba anajitetea. Kana kwamba mimi ndiye nitakayemgombeza.

Alikuwa amezima kweli. Alifanya kila kitu alichofundishwa na kila mtu mzima aliyewahi kumwambia kuhusu umeme. Kosa lake lilikuwa moja, kuamini kazi ya kaka yake.

Kesho yake nikaenda kumwita fundi, yuleyule wa 35,000. Mzee wa makamo, begi la ngozi limechakaa pembeni. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia, akatoa tesita, akaigusisha kwenye holda swichi ikiwa imezimwa. Kitaa kidogo ndani ya tesita kikawaka. Akaniangalia.

"Nani alifunga hii, mwanangu?"

Nikasema, "Niliikuta, mzee. Aliyekuwepo kabla yangu."

Ndiyo, nilidanganya. Mdogo wangu yuko ndani, mkono kwenye plasta, anasikia. Nakiri hapa kwa sababu uongo ule ndio ulionifanya niandike. Kitu cha kwanza nilichofanya baada ya kumwangusha mtu kilikuwa kumfuta mtenda kwenye sentensi.

Na hapo ndipo kazi yangu ya isimu ilipokutana na taa yangu. Fikiria habari za moto tunazosoma. Nyumba imeungua. Chanzo, inadaiwa, ni hitilafu ya umeme. Tumeisoma sentensi hiyo mara ngapi? Imekuwa kama dua ya mazishi, inajulikana kabla haijasomwa. Angalia kitenzi chake. *Kuungua* hakuna mtenda. Nyumba inaungua kama embe linavyoiva. Kiswahili kina neno jingine, *kuunguza*, na hilo lina mtenda, linadai jina: nani ameiunguza? Sisi tumechagua lile la kwanza. *Hitilafu* nayo haina mikono. Inatokea tu, kama mvua.

Sisemi kila moto una mkosaji. Vifaa huharibika, nyaya huzeeka. Lakini hitilafu nyingi zina mikono, nami ninaijua mikono iliyofunga ile ya kibarazani kwangu, ndiyo inayoandika maneno haya. Siku ile ikiandikwa habari yangu ingeandikwaje? "Kijana apigwa shoti akibadilisha balbu." Apigwa. Na shoti. Mimi nisingekuwemo.

Mzee alinionyesha mengine, kwa utulivu ambao ulinichoma kuliko matusi. Nilichukua umeme kutoka kwenye soketi, akasema, na soketi zile zinalindwa na breka ya ampea 20. Waya wangu mwembamba haufiki hata nusu ya hapo. Mtu akichomeka pasi kwenye njia ya waya huo, au ile hita ya kuchemshia maji ya ndoo, waya utapata moto ndani ya ukuta muda mrefu kabla breka haijashtuka. "Breka inalinda waya ule iliopimiwa," alisema. "Huu wako haiujui."

Nikamuuliza swali ambalo nadhani nawe unaliuliza: mbona breka haikukata dogo aliposhikwa?

Akacheka kidogo. "Breka haimjui mtu, mwanangu."

Nilikwenda kupiga hesabu baadaye, na hesabu hii ni ya kidato cha pili. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230. Mwili wa mtu aliyelowa, kutoka mkono mmoja hadi mwingine, unaweza kuwa na ukinzani wa kama omu 1,000. Gawanya: ampea 0.23. Breka ya ampea 20 inasubiri zipite 20 ndipo ianze kufikiri. Kwa breka, mdogo wangu aliyekuwa anakufa alikuwa mzigo mdogo kuliko feni na redio. Balbu ya LED ya wati 9 huvuta kama miliampea 40, na kiasi hichohicho kikipita kifuani kwa muda kinatosha kuufanya moyo utetemeke ovyo badala ya kusukuma damu. Kinachotosha kumulika kibaraza kinatosha kuzima mtu. Kifaa kinachomjua mtu kipo, ni ile RCD inayopima umeme unaokwenda na unaorudi; ukipungua miliampea 30 njiani hukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Nyumba yetu haikuwa nayo. Nakuomba leo ukaangalie kama yenu inayo, na kama ina kitufe cha kujaribia, ukibonyeze.

Najua majibu yanayokuja, maana nilikuwa nayo yote mfukoni.

La kwanza: mafundi ni ghali, na sisi ni maskini. Kweli. Lakini nyumba yetu ya wapangaji sita kila mwezi huchanga pesa ya LUKU. Tunajua kuchanga. Tunagombana nani ana friji, nani anapiga pasi kila asubuhi, nani alisafiri wiki mbili asihesabiwe. Tunafuatilia uniti hadi ya mwisho. Hatujawahi, hata siku moja, kuchanga shilingi elfu tano kila mmoja tumwite fundi akague nyaya ambazo uniti hizo zinapita. Hiyo elfu thelathini na tano niliyoiona ni dhuluma, tukigawana sita, ni nauli ya daladala ya siku chache. Tatizo letu halikuwa umaskini peke yake. Tulinunua umeme kwa pamoja tukauogopa kila mtu kivyake.

La pili: mafundi wenyewe ni vishoka. Hapa ndipo tunapopenda kujificha. Sote tunawalaani vishoka, wale wanaozunguka mitaani bila leseni wakiunga umeme kwa koleo na ujasiri. Lakini kishoka ni nani? Ni mtu anayefanya kazi ya umeme bila mafunzo, bila leseni, bila kupimwa na yeyote, na anayetoweka tatizo likitokea. Nikajitazama. Sikuwa na mafunzo. Sikuwa na leseni. Sikupimwa na yeyote. Na nilipoulizwa nani alifunga, nilitoweka nikiwa nimesimama palepale. Nilikuwa kishoka mwenye digrii. Tofauti yangu na yule wa mtaani ni kwamba yeye angalau ameshika nyaya nyingi.

Kama unaogopa vishoka, dawa si kuongeza mmoja. EWURA hutoa leseni za ufungaji umeme, zimegawanywa kwa madaraja, na una haki ya kumwambia fundi, kabla hajapanda ngazi, "Samahani fundi, naomba kuiona leseni yako." Tunaomba risiti ya soda. Hili nalo halina aibu.

La tatu ndilo linalouma, kwa sababu ndilo la kizazi chetu: kujiongeza. Tumeambiwa ajira hakuna, jiajiri. Fundi hakuna, jifunze. Mwalimu hakuna, ingia mtandaoni. Tumegeuza uhaba kuwa sifa, na mtu asiyejua kufanya kila kitu mwenyewe tunamwona mzembe. Sipingi kujifunza. Nimejifunza kushona vifungo, kupika pilau, kurekebisha koki ya bomba. Lakini kuna aina mbili za kosa. Ukipika pilau vibaya, utajua wewe, leo, mezani. Ukikaza koki vibaya, maji yatakwambia kabla hujafunga mlango. Kiti kilichoungwa vibaya hulia ukikikalia. Kosa la umeme halisemi. Linakaa ukutani linawaka, linakupa mwanga wa kusomea, linasubiri mvua, pekupeku na ngazi ya chuma. Na likiamka, mara nyingi halimwamkii aliyelifunga. Linamwamkia anayebadilisha balbu, anayedeki kibaraza, mtoto, mpangaji ajaye.

Ndiyo maana nasema hiki si kipaji cha kujivunia. Ukiruka na parachuti uliyoishona mwenyewe, shauri yako. Ukimvalisha mwingine bila kumwambia nani aliishona, tuseme ukweli, hilo si kujiongeza.

Wenye nyumba nao tusiwaache waende zao. "Hilo ni lako, kijana wangu" ndiyo sentensi iliyofunga taa ile kabla yangu. Mwenye nyumba anapokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, halafu nyaya ndani ya kuta zake anawaachia wapangaji kama anavyowaachia ufagio. Kila mpangaji huongeza chake na kuhama. Fundi alipofungua dari ya korido yetu alitoa kilemba cha nyaya za rangi nne, zimesokotwa kwa mikono, tepu imekauka kwa joto la bati hadi inapukutika kama ganda la karanga. Maungio yaliyolegea namna ile hupata moto polepole, na breka hailioni joto hilo, kwa sababu umeme unaopita ni wa kawaida tu. Mzee akahesabu: mikono isiyopungua mitano tofauti, na hakuna hata mmoja anayejulikana. Ile dari ilikuwa daftari la wapangaji waliopita, na wote tulilala chini yake.

Kwa hiyo nadai nini? Sidai uite fundi kila balbu inapokufa. Badilisha balbu yako, lakini usiiamini swichi; nenda kazime swichi kuu, vaa viatu, kauka mikono, tumia kitu kisicho cha chuma kusimamia. Ukiona balbu ya LED inang'aa hafifu usiku ilhali umeizima, usiicheke wala usiiite jini. Inawezekana swichi yake imekata nyutro badala ya moto, mwite anayejua aipime. Mpaka wangu ni kifuniko. Kilicho nje ya kifuniko cha swichi, soketi na holda ni chako. Kilicho nyuma yake ni cha mtu aliyesomea, ambaye jina lake utalijua na simu yake ataipokea.

Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, uliza swali moja zaidi baada ya lile la maji: nyaya hizi zilikaguliwa lini, na nani? Wenye nyumba watatushangaa mwanzoni. Wakiulizwa na kumi watazoea.

Na kama ulishafunga, kama mimi, basi una deni.

Nilimwambia mzee ukweli kabla hajaondoka. Nilimfuata hadi getini. Nikasema, "Mzee, ile taa niliifunga mimi." Akaweka begi chini, akasema, "Najua. Tepu ilikuwa mpya." Kisha akaniuliza, bila kubadili sauti, "Umefunga nyingine wapi?"

Swali lile sikuwa nimelitarajia. Ile ya juu ya meza aliibomoa palepale. Rafiki yangu nilimpigia usiku uleule; alikuwa ameshahama, na chumba kile sasa anakaa mtu tusiyemjua. Jumapili tulikwenda, tukabisha hodi, tukajieleza kama wamishonari. Binti aliyefungua alitutazama kwa mashaka, akasema taa haina tatizo. Tulimwachia namba ya fundi na tukalipia ukaguzi. Mwenye saluni aliniuliza kama nimeokoka. Lakini alikubali, na fundi alikuta kosa lilelile, moto kwenye mizunguko, futi moja juu ya kioo ambacho wateja hukaa mbele yake na nywele zilizolowa.

Mdogo wangu alitolewa plasta. Anaandika vizuri, ila kifundo humuuma kukiwa na baridi. Hajawahi kunilaumu. Nimeona tu kwamba akiwa kwangu haguzi swichi yoyote. Huniita mimi niwashe.

Ikabaki moja. Nilimpigia shangazi Morogoro, nikamweleza kila kitu, taratibu, kuanzia ngazi. Nikamwambia kuanzia sasa asiguse ile taa ya jikoni, wala asiruhusu mtu abadilishe balbu, Jumamosi ninakuja na fundi.

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nikasikia sufuria, na maji yakimwagika kwenye karo.

"Lakini baba," akasema, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto aliyeota vibaya, "mbona inawaka vizuri tu?"